Sekunde kumi hazitoshi kuujua moyo

Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, anayoondoka nayo mgonjwa kwenye kliniki yetu ina sekunde kumi tu za moyo wake. Siku nzima ina sekunde 86,400. Nimefanya uuguzi kwenye kliniki ya presha na moyo hapa Tanga kwa muda mrefu, na nimeona jinsi sekunde hizo kumi zinavyogeuzwa hukumu. Karatasi ikitoka safi, mtu anaambiwa moyo wake hauna tatizo, arudi nyumbani. Ikitoka na kasoro, anaandikiwa dawa, jina la ugonjwa linaingia kwenye faili, na karatasi ya pili haichukuliwi mpaka siku atakapoletwa mdomo umepinda na mkono hauinuki. Kwa maradhi mengine ya moyo utaratibu huu unaweza kuvumilika. Kwa ugonjwa mmoja unaua watu, na huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Madaktari huuita AF kwa kifupi. Vyumba viwili vya juu vya moyo, ambavyo kazi yake ni kujibana kwa pamoja na kushusha damu kwenye vyumba vya chini, vinaacha kujibana na kubaki vinatetemeka. Umeme unazagaa humo ovyo, na vyumba vya chini vinapiga pale tu vinapofikiwa: mara mbili za haraka, kimya, moja, halafu tatu zimefuatana. Damu inayotuama kwenye kona ya chumba cha juu cha kushoto huganda, na bonge likichomoka laweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha mwaka 1991 kwamba mwenye AF ana hatari ya kupata kiharusi karibu mara tano ya asiye nayo. Moyo wenyewe nao, ukikimbizwa hivyo miezi na miaka, huchoka. Ndipo miguu inapovimba na mtu akashindwa kulala bila mito mitatu.

Tabu ya AF changa ni kwamba haikai. Inaingia saa nane usiku, inatoka kabla ya adhana ya alfajiri, na saa tatu mgonjwa akifika kwenye foleni yetu moyo wake unapiga sawasawa.

Mama mmoja anayekaanga samaki na kuuza jioni alikuja kwetu mara kadhaa na maneno yale yale: “Sista, moyo unanishtuka usiku, halafu unakata.” Mashine ya presha ilimfunga mkono, ikavimba, ikashindwa kusoma, ikaandika kosa. ECG ikatoka safi. Mwenye haraka angemwambia ni mawazo tu, na mahali pengine alikwisha kuambiwa hivyo. Sisi tukamwambia: ukianza usiku usingoje kuche, panda bodaboda uje. Akaja kweli, dera lake bado linanukia mafuta ya kukaangia. Nilimshika mkono chini ya kidole gumba nikajua kabla hajakaa vizuri. Mwenzangu akabaki na mshipa wa mkono, mimi nikaweka stetoskopu kifuani, tukahesabu dakika nzima huku tukitazama saa ile ile ya ukutani. Mimi nilipata 132, yeye 104. Tofauti hiyo ya 28 ni mapigo ambayo moyo uliyapiga ukiwa hauna damu ya kutosha kuifikisha mkononi.

Kile kilima kidogo kinachotangulia kila mnara kwenye mchoro wa ECG, ambacho ndicho ishara kwamba vyumba vya juu vimejibana, safari hii hakikuwapo. Mahali pake mstari ulikuwa unatetemeka tu. Nilichukua kipande cha karatasi nikakiweka chini ya minara, nikatia alama za penseli kwenye ncha tatu zilizofuatana, kisha nikakisogeza mbele. Alama hazikulingana na ncha nyingine. Nikasogeza tena, hazikulingana. Mama alikuwa akitazama mkono wangu. “Kwa hiyo ile karatasi ya kwanza ilisema uongo?” Nikamjibu, “Hapana mama, ilisema kweli, ila ya wakati ule tu.”

Baada ya jina la ugonjwa kupatikana, wengi wetu tunakaa kitako kana kwamba kazi imekwisha. Wenzetu waliofuatilia AF changa kwa makini wanatuonyesha kwamba mwaka wa kwanza baada ya kugunduliwa ndio mwaka wa kazi.

Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao EAST-AFNET 4, ulioongozwa na Profesa Paulus Kirchhof wa Hamburg, Ujerumani. Walikuwamo wagonjwa 2,789 kutoka nchi 11 za Ulaya, wote AF yao imegunduliwa ndani ya mwaka mmoja uliotangulia. Nusu yao walikuwa hata hawajamaliza siku 37 tangu waambiwe. Kundi moja lilitibiwa kama ilivyozoeleka: dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kupunguza kasi ya moyo, na hatua zaidi pale tu mgonjwa alipoendelea kulalamika. Kundi la pili lilipata hayo hayo, na juu yake likapewa mapema matibabu ya kuurudisha moyo kwenye mpangilio wake, kwa dawa au kwa kupitisha waya maalumu kwenye mshipa hadi moyoni na kuziba njia zinazoleta vurugu ya umeme. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Baada ya kufuatiliwa kwa miaka mitano hivi, waliofariki kwa maradhi ya moyo na mishipa, au kupata kiharusi, au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi au kwa mishipa ya moyo kuziba, walikuwa 249 katika kundi la mapema na 316 katika kundi la kawaida. Kiharusi peke yake kiliwapata 40 katika kundi la mapema na 62 katika kundi la kawaida. Madhara makubwa ya matibabu yenyewe yalikuwa mengi zaidi kwenye kundi la mapema, asilimia 4.9 kwa 1.4, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu dawa hizi si za kugawiwa kama panadol.

Mimi kama muuguzi nilivutwa zaidi na namna walivyofanya kazi. Wagonjwa wa kundi la pili walipewa kifaa kidogo cha ECG wakae nacho nyumbani. Waliombwa wajipime na kutuma mchoro mara mbili kila wiki, na pia wakati wowote walipojisikia vibaya. Mchoro ukionyesha AF imerudi, kituo kinajua, mgonjwa anaitwa, matibabu yanapangwa upya. Mara mbili kwa wiki! Kwetu mwenye AF ana bahati akipata mara mbili kwa mwaka.

Mwaka 2022 watafiti hao hao, safari hii wakiongozwa na Lars Eckardt wa Münster, walirudi kwenye takwimu wakauliza ni nini hasa kilichowakinga wale wa kundi la mapema. Wakapima jambo moja baada ya jingine. Lililoshinda mengine yote lilikuwa kuukuta moyo kwenye mpangilio wa kawaida miezi 12 baada ya kuanza matibabu. Peke yake lilieleza asilimia 81 ya faida iliyoonekana katika miaka iliyofuata. Ukitaka kukisia miaka ijayo ya mgonjwa wa AF changa, basi, tazama moyo wake unapigaje mwaka wa kwanza unapotimia. Na huwezi kuujua kama hukuupima njiani, maana anayesubiri mwezi wa kumi na mbili ndipo atazame amekwisha kupoteza nafasi ya kurekebisha.

Sababu ya haraka hii ilionekana zamani kwa mbuzi. Mwaka 1995 huko Maastricht, Uholanzi, Wijffels, Allessie na wenzao waliwawekea mbuzi kifaa kilichorudisha AF kila ilipokoma. Mwanzoni ilidumu sekunde chache ikaisha yenyewe. Wiki chache baadaye, kwa mbuzi walio wengi, haikuisha tena. Kila saa moyo unaokaa kwenye AF unajifunza kubaki humo, nyama yake inabadilika, na matibabu ambayo yangefaulu mwezi wa pili yanagonga mwamba mwaka wa nne.

Wapo madaktari watakaonijibu kwa AFFIRM, utafiti wa mwaka 2002 uliokuwa na wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada, ambao haukuona kwamba kurudisha mpangilio kunapunguza vifo kuliko kupunguza kasi peke yake. Nimesikia hoja hiyo kwenye mikutano ya asubuhi, na ninaiheshimu. Lakini AFFIRM haikuwachagua watu wa AF iliyogunduliwa karibuni, wala haikuwa na dawa na utaalamu wa leo. Kuna jambo jingine ndani yake ambalo ningependa kila mgonjwa alijue: wengi wa waliopata kiharusi, katika makundi yote mawili, walikuwa wameacha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au INR yao, kipimo cha damu kinachoonyesha dawa hiyo inafanya kazi kiasi gani, ilikuwa chini ya 2. Moyo ulitulia, mchoro ukatoka mzuri, dawa ya kuzuia damu kuganda ikawekwa kando, kiharusi kikaja. Kwa hiyo ninapodai vipimo vya mara kwa mara, sidai ili mtu apate ruhusa ya kuacha vidonge. Dawa hiyo huamuliwa kwa umri, presha, kisukari, kiharusi cha zamani, hali ya vali na mengineyo, na mwenye kuiondoa ni daktari.

Sidai pia kila mtu avalishwe saa ya kupima moyo. Huko Denmark utafiti wa LOOP uliwachukua watu 6,004 wa miaka 70 hadi 90 ambao hawakuwa wakijulikana kuwa na AF, baadhi yao wakawekewa chini ya ngozi kifaa kinachoandika mapigo mfululizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. AF iligunduliwa kwa asilimia 31.8 ya waliowekewa kifaa, na asilimia 12.2 ya wasiowekewa. Waliopata kiharusi au bonge la damu kwingine mwilini walikuwa asilimia 4.5 kwa 5.6, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kwamba kifaa kilikinga. Kwingineko, utafiti uitwao ASSERT, uliowafuatilia watu wenye betri ya moyo, ulipochambuliwa tena mwaka 2017 ulionyesha kwamba hatari ya kiharusi ilipanda wazi kwa wale ambao AF yao ilidumu zaidi ya saa 24 mfululizo. Za dakika chache chache hazikuonyesha hivyo. Muda una maana. Swali la kumuuliza mgonjwa halimaliziki kwa kusema ana AF au hana. Anakaa nayo kwa muda gani, inamjia mara ngapi, inazidi au inapungua? Majibu hayo hayapatikani kwenye karatasi ya sekunde kumi.

Kwa hiyo kwa mfuko mdogo kama wetu mpangilio wangu ni huu. Wa kwanza kupimwa tena na tena awe yule ambaye AF yake imegunduliwa mwaka huu. Anayemfuata ni yule aliyepata kiharusi na chanzo chake hakikujulikana. Mwenye afya anayetaka kujua tu anaweza kusubiri.

Najua wagonjwa wa EAST si wagonjwa wangu. Wale walikuwa wa Ulaya, wastani wa umri wao miaka 70. Kwenye benchi letu anakaa bibi wa miaka 72 mwenye presha, na kando yake amekaa binti wa miaka 24 ambaye vali ya moyo wake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, baada ya koo lililouma kuachwa bila penisilini. Katika sajili ya kimataifa ya RE-LY, iliyokusanya wagonjwa wa AF zaidi ya 15,000 kutoka nchi 47, ugonjwa huo wa vali ulikutwa kwa asilimia 21.5 ya wagonjwa wa Afrika na asilimia 2.2 ya wale wa Amerika Kaskazini. Binti kama huyo ana njia yake ya matibabu, warfarini ndiyo dawa yake, na hakuna mtu anayepaswa kumkabidhi matokeo ya Hamburg kama yalivyo. Lakini sajili hiyo hiyo, mwaka 2016, ilitoa namba iliyoninyima usingizi: ndani ya mwaka mmoja tangu kufika kwenye chumba cha dharura na AF, Afrika walifariki asilimia 20, na Amerika Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia asilimia 10. Mtu mmoja kati ya watano, katika mwaka ule ule wa kwanza ninaousema.

Wapo wanaodhani kwetu AF ni ugonjwa wa nadra. Wanataja uchunguzi uliofanywa kwa wazee 2,232 wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wenye miaka 70 na kuendelea, ambapo waliokutwa na AF walikuwa 15 tu. Huenda kweli ni wachache. Lakini kumpima mzee mara moja kunamkamata yule ambaye AF yake imekwisha kuhamia moja kwa moja. Yule ambaye inamjia usiku na kumwacha asubuhi anapita salama kwenye hesabu. Na yule aliyekwisha kufa kwa kiharusi hayumo kwenye foleni ya kupimwa.

Je, tunaweza? Mwishoni mwa miaka ya 1940 Norman Holter, mwanafizikia wa Montana, Marekani, alikuwa akibeba mgongoni mtambo wa karibu kilo 38 ili kurusha kwa redio mchoro wa moyo wa mtu anayetembea. Leo kipimo chenye jina lake kinaning'inia kwenye mkanda wa suruali kwa saa 24, na kifaa kidogo cha ECG kinachoshikwa kwa vidole kinaingia kwenye mfuko wa shati, mtu anakishika nusu dakika na mchoro unaonekana kwenye simu. Kifaa kimoja kwenye kliniki ya wilaya, kinachoazimwa kwa daftari na sahihi, wiki mbili kwa huyu, wiki mbili kwa yule, kingewahudumia wagonjwa wetu wote wapya wa AF. Mabingwa wapo: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam tangu mwaka 2015, na mchoro unasafiri kwa simu bila nauli ya basi. Kinachokosekana ni mtu wa kuutuma na mtu aliyepewa jukumu la kuupokea na kujibu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha huduma waandike humo ECG za kurudia kwa mgonjwa wa AF katika mwaka wake wa kwanza, angalau kila mwezi miezi mitatu ya mwanzo na kila robo mwaka baada ya hapo. Hayo ni makisio yangu ya kile kinachowezekana kwenye kliniki kama yetu. Hayafikii mara mbili kwa wiki, lakini yanapita mbali hali ya sasa.

Na kabla kifaa hakijaja, kuna vidole. Yule mama wa samaki nilimfundisha yeye na mwanawe wa kidato cha pili. Kaa utulie dakika tano. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba cha mkono wa pili. Usitumie kidole gumba kupimia, kina mapigo yake yanayokuchanganya. Hesabu dakika nzima, usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, maana mapigo yasiyo na mpangilio hayazidishiki. Usiandike namba peke yake, andika pia kama yanapishana au yako sawa. Kijana alipiga mistari kwenye daftari la hesabu: tarehe, saa, namba, sawa au hapana. Daftari hilo lilipofika kliniki, daktari alilisoma kabla ya kufungua faili. Asubuhi zilikuwa safi, jioni za baada ya kusimama kwenye moto zilikuwa mbovu, na kadiri wiki zilivyokwenda mbovu ziliongezeka. Akampa rufaa wiki hiyo hiyo, AF yake ikiwa bado changa, na nakala za kurasa zile zikaambatanishwa na karatasi za ECG. Huko alikopelekwa walianza matibabu ya kurudisha mpangilio, na warfarini yake hakuiacha.

Ewe msomaji, ukiambiwa wewe au mzazi wako kwamba moyo una AF, usitoke chumbani kabla hujauliza mambo mawili: dawa ya kuzuia damu kuganda naanza lini, na ECG yangu inayofuata ni tarehe ngapi. Omba tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi. Wakikwambia utapimwa ukijisikia vibaya, waeleze kwa adabu kwamba AF nyingi haziumi, kisha omba tena.